Uduvi wa Ziwa Tanganyika ndani ya Tangi la Kioo

Katika Ziwa Tanganyika wamo uduvi wadogo wa jenasi ya Limnocaridina, wasiopatikana kwingineko duniani. Maji yao yana madini mengi: pH hukaribia 9, na joto ni kama nyuzi 25.

Anayetaka kuwafuga mbali na ziwa hilo, kama mjini Korogwe, hawezi kuwamiminia tu maji ya bomba. Klorini huwaua, ingawa nyingi hutoka maji yakiachwa wazi siku nzima. Shaba haitoki, na kidogo tu inatosha kuwamaliza.

Adui mkubwa ni amonia, inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula. Kwenye pH 7, sehemu isiyofika asilimia 1 ya amonia hiyo ndiyo huwa sumu kali. Kwenye pH 9 hufikia takribani theluthi. Ndiyo maana tangi huachwa wiki kadhaa bila uduvi, bakteria wazaliane kwenye sponji ya kichujio na kuigeuza amonia kuwa naitreti.

Jike hubeba mayai chini ya tumbo, akiyapepea kwa vijiguu vyake yapate oksijeni. Maji yakibadilika ghafla, huweza kuyaangusha. Kwa hiyo maji mapya huingizwa tone kwa tone, kwa mpira mwembamba.