MACHO YA MANJANO: USISEME "NI MALARIA TU"

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Msomaji mpendwa, methali hii nilikuwa nikiiandika tu kwenye insha, hadi likizo ya Aprili nilipokuwa kwa mjomba wangu huko Ruiru.

Mjomba alikuwa hajisikii vizuri kwa zaidi ya wiki. Chakula hataki, na harufu ya mafuta ya kukaangia ilimtia kichefuchefu. "Ni malaria tu, itaisha," alituambia. Mwili ukimuuma alimeza parasetamoli, tena si kidogo. Jumapili mama alikuja kutoka Thika kumjulia hali. Alimtoa nje juani, akamwambia, "Hebu tazama juu kidogo." Lo! Weupe wa macho ulikuwa manjano kama kiini cha yai.

"Na mkojo je?" mama akauliza.

"Umekuwa mweusi kama chai ya rangi, dada. Leo siku ya nne."

"Na umenyamaza tu hivyo?"

Hatukungoja kesho. Tulipanda matatu tukampeleka hospitali. Damu ilipimwa, ikajulikana kuwa ana homa ya ini aina ya A, ambayo huletwa na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Daktari alimkataza zile tembe papo hapo, kwani parasetamoli ikizidi kipimo hulidhuru ini, na la mjomba lilikuwa tayari gonjwa. Leo mjomba ni mzima. Lakini mimi nilijiuliza, ni wangapi kati yetu wanajua ini likiumwa husema nini?

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. La mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu. Kazi yake ni nyingi: huondoa sumu katika damu, hutengeneza nyongo ya kusaga mafuta, huweka akiba ya sukari, na hutengeneza vitu vinavyofanya damu igande mtu akikatwa. Likishindwa, kazi hizi zote hulala.

Dalili za kuangalia ni hizi. Kwanza, macho kuwa manjano. Sisi wenye ngozi nyeusi tusitazame ngozi. Tutazame weupe wa jicho, tena mchana, si kwa taa. Pili, mkojo kuwa mweusi hata ukinywa maji, na choo kupauka kama udongo mweupe. Tatu, maumivu chini ya mbavu za kulia, kichefuchefu na kukosa hamu ya chakula. Nne, kujikuna mwili mzima bila upele. Tano, tumbo na miguu kufura. Uchovu peke yake unaweza kuwa wa mambo mengi, lakini ukiambatana na haya, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ziko dalili nyingine ambazo hata saa moja usingoje: kutapika damu, choo cheusi kama lami, au mgonjwa kuanza kuchanganyikiwa na kusinzia ovyo. Hapo ini limelemewa kabisa.

Kuna watakaosema, "Kwetu hakuna mambo kama hayo." Yako! Kati ya Januari na Julai mwaka wa 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafa huko Makueni, Kitui, Machakos na katika iliyokuwa Wilaya ya Thika. Macho yao yaligeuka manjano ghafla. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, yakaota kuvu yenye sumu iitwayo aflatoksini. Mahindi ya sokoni yalipopimwa, zaidi ya nusu ya sampuli zilizidi kipimo kilichoruhusiwa. Tena sumu hii haiishi kwa kupikwa. Ugali na githeri ni chakula chetu cha kila siku. Basi mahindi yaanikwe yakauke kabisa, yawekwe mahali pakavu juu ya mbao, na yaliyoota kuvu yatupwe. Usimpe hata ng'ombe, maana sumu hupitia kwenye maziwa.

Mambo mengine yanayoharibu ini ni pombe, na homa ya ini aina ya B, ambayo huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Aina ya B ina chanjo. Usitumie wembe wa mwenzako hapo bwenini, hata kama ni rafiki wa chanda na pete.

Jambo moja la mwisho. Jirani mmoja alimwambia mjomba anywe mitishamba kwanza, ati isafishe damu. Mitishamba mingine huliumiza ini zaidi. Na hata kama ingekuwa malaria kweli, malaria inayogeuza macho kuwa manjano ni kali, ni ya hospitali pia.

Wanafunzi wenzangu, hatuna kisingizio. Thika kuna Hospitali ya Level 5, na Ruiru nako kuna hospitali ya serikali. Ukiwa bwenini, mwambie matroni au mwalimu wa zamu bila kuona haya. Na ukifika nyumbani likizo hii, mtoe baba, mama au nyanya nje juani, umwambie kama mama alivyosema: "Hebu tazama juu kidogo."