Mafuta ya midomo: Tumia nta ya nyuki, achana na udongo mwekundu

Je, midomo yako hukauka na kupasuka pepo za Julai na Agosti zinapovuma? Wakazi wa Kitui na Makueni walijua tatizo hili vyema, kwani kiangazi cha huko ni kirefu, na midomo haina tezi za mafuta kama ngozi ya uso. Kuilamba hakusaidii. Mate hukauka upesi na kuiacha kavu kuliko awali.

Dawa nyepesi imo mzingani. Wafugaji nyuki wa Mwingi, Mutomo na Kibwezi wakishakamua asali hubaki na masega. Haya huchemshwa kwa maji katika sufuria kuukuu na kuchujwa kwa kitambaa. Maji yakipoa, nta huganda juu. Kwangua uchafu ulioshika upande wa chini.

Chukua gramu 10 za nta hiyo, gramu 20 za mafuta ya nazi na gramu 10 za mafuta ya mbarika kutoka duka la dawa. (Usikamue mbegu za mbarika mwenyewe, zina sumu kali.) Weka nta na mafuta ya nazi katika bakuli la chuma, kisha bakuli ndani ya sufuria ya maji moto. Usiyeyushe nta moja kwa moja juu ya jiko, kwani hushika moto. Huyeyuka ikifikia nyuzi 62 hadi 65 hivi. Dondosha tone kwenye kijiko baridi: likiwa laini mno, ongeza nta kidogo. Joto la Kibwezi huyeyusha mafuta ya nazi hata mchana wa kawaida.

Sasa rangi, na hapa ndipo penye hatari. Udongo wa Makindu na Kibwezi ni mwekundu kwa sababu ya oksidi ya chuma, aina ile ile ya madini inayotumiwa katika lipstiki. Ni rahisi basi mtu kufikiri kwamba kijiko kimoja kilichochekechwa kitatosha. Lakini kila unachopaka mdomoni unakimeza. Udongo huweza kubeba viini vya pepopunda, ambavyo huingia mwilini kupitia vidonda na nyufa. Ule wa kando ya barabara kuu ya Mombasa huenda bado una risasi iliyotoka kwa petroli ya zamani, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwaka wa 2006. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni, na kuukaanga udongo hakuiondoi.

Mtasema Wamaasai na Wasamburu hujipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Naam, lakini wao huupaka nyweleni na mwilini.

Wala usishawishike na ule unga mwekundu wa kutia rangi sakafu ya saruji. Haukutengenezewa kinywa, na hakuna aliyeupima kwa ajili hiyo. Mwaka wa 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipendekeza risasi katika vipodozi vya midomo isizidi sehemu 10 katika milioni moja. Mfuko wa sakafu hautakuambia lolote kuhusu hilo.

Nunua oksidi ya chuma iliyotengenezewa vipodozi. Tazama nambari kwenye kibandiko: CI 77491 ni nyekundu, 77492 ni ya manjano na 77499 ni nyeusi. Gramu moja yatosha. Iponde kwanza ndani ya mafuta ya mbarika kwa mgongo wa kijiko hadi chembe ziishe, ndipo uitie katika nta iliyoyeyuka, ukoroge na kumimina kwenye vikopo vikavu. Usitie maji wala asali, yataoza.

Kikopo kiwe cha mtu mmoja, kwani malengelenge ya midomo huambukizwa kwa kushirikiana vipodozi. Na kidonda cha mdomo kisichopona kwa wiki tatu kionwe na daktari, hasa kwa mwenye ulemavu wa ngozi, ambaye jua humdhuru zaidi. Mafuta haya hayamkingi na jua. Kofia pana bado yahitajika.