Kwanza Paa, Mapazia Baadaye: Tulivyotengeneza Kampa Yetu Nyumbani

Saa nane usiku, Naro Moru, chini ya Mlima Kenya. Tone la kwanza lilinipata kwenye shavu. La pili likampata mtoto. Kufikia saa kumi godoro lilikuwa limekunywa maji ya kutosha, na mume wangu alikuwa amehamia kwenye kiti cha dereva na blanketi lake. Akaniuliza, kwa upole ule wa mtu aliyekasirika, "Ile pesa ya mapazia ilikuwa ngapi tena?"

Mwezi mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumenunua kampa ya mtumba. Kwa asiyeijua, ni kijumba cha alumini na plaiwudi kinachokaa nyuma ya pikapu, chenye paa linaloinuka. Ukiwa barabarani paa limelala. Ukifika, unalisukuma juu, kuta za turubai zinanyooka, na mtu mzima anaweza kusimama akavaa suruali bila kuinama. Kama umewahi kupanda vani ya watalii kwenda Maasai Mara, wazo lenyewe unalijua, kwa sababu vani zile nazo zina paa la kuinuka. Tofauti ni kwamba hapa watu wanalala.

Tulikuwa tumeweka akiba ya shilingi 90,000 za kuiboresha. Nami nikaanza na vitu ambavyo macho yanaona: mapazia, mito, taa za kupendezesha, stika ya ramani ya Afrika mlangoni. Shilingi 14,000 zikaenda hapo. Kama una kampa, au unafikiria kumpa fundi pikapu yako akutengenezee moja, soma kwanza tulivyotumia zilizobaki.

Fundi wa shemeji

Tuliporudi Nairobi nilitafuta fundi wa kuziba paa. Wa kwanza nilielekezwa na rafiki wa rafiki. Alikuja, akapanda juu, akagongagonga, akasema kazi ni ya siku mbili na anataka 12,000 za vifaa. Nilipoweka nambari ya till aliyonipa, jina lililotokea kwenye simu halikuwa lake wala la duka lolote la vifaa.

"Ni ya shemeji, madam. Weka tu."

Nikaweka. Kesho yake simu yake ilikuwa imezimwa, keshokutwa pia, na hadi leo. Niliomba malipo yarudishwe, lakini utaratibu huo ni wa pesa zilizotumwa kimakosa, na mimi sikukosea nambari. Nilimlipa mtu niliyekusudia kumlipa, na pesa zilikuwa zimeshatolewa. Jina lile lilikuwa pale kwenye simu kabla sijaweka PIN. Nililisoma. Hicho ndicho kinachoniuma.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa Kariobangi aliyetumia miaka mingi kutengeneza mapaa ya vani za watalii. Huyu hakuomba pesa. Aliomba mpira wa maji.

Tukainua paa kama tuko kambini. Mume wangu akaanza kumwagia maji kutoka chini kwenda juu, kila sehemu dakika tano, mimi nikiwa ndani na tochi na chaki. Ukianza juu, maji yanateremka kila mahali na huwezi kujua yameingilia wapi. Nilikuwa nimeapa kwamba turubai ndiyo mbovu. Kumbe turubai ilikuwa sawa kabisa. Maji yalikuwa yanapita kwenye matundu ya skrubu ukingoni mwa paa, na kuzunguka kidirisha cha hewa ambapo mwenye gari wa zamani alikuwa amepaka silikoni juu ya silikoni juu ya silikoni. Mzee akacheka. "Silikoni mpya haishiki juu ya kuukuu. Huyu alikuwa anapaka rangi tu."

Kazi yenyewe ilichukua siku tatu, na nyingi ya hizo zilikuwa za kukwangua. Tulitoa silikoni yote, tukafuta alumini kwa spiriti, tukaweka utepe mzito wa butili chini ya ule mkanda wa ukingoni, kisha skrubu mpya zisizoshika kutu. Butili haikauki ikawa ngumu, kwa hiyo paa likitikisika barabarani inanyumbuka nalo. Kwenye turubai alitufanya kitu ambacho nilidhani ni utani: tulilowesha mara mbili na kuiacha ikauke kabisa. Turubai ya pamba ikilowa, nyuzi zinavimba na kuziba matundu ya sindano kwenye mishono. Ya nailoni haifanyi hivyo. Hiyo mishono yake inahitaji dawa ya kuziba.

Na usifunge paa turubai ikiwa mbichi halafu ukaisahau. Ikibidi ufunge kwa sababu mnaondoka kukiwa na mvua, lifungue siku hiyohiyo ukifika nyumbani. Siku tatu zinatosha kuota ukungu mweusi, na ukungu ukishaingia kwenye pamba hautoki.

Kuhusu pesa, safari hii tulikubaliana tofauti. Vifaa nilinunua mwenyewe na kulipa dukani moja kwa moja, risiti kwa jina langu. Kazi yake ilikuwa 15,000, tukaigawa mara tatu: 5,000 akishakwangua paa lote na mimi nimeona alumini tupu, 5,000 akishaziba na tumemwagia maji tena, na 5,000 za mwisho baada ya mvua ya kweli. Tuliyaandika kwa ujumbe wa simu, yeye akajibu "sawa". Ujumbe huo pamoja na taarifa ya malipo kwenye simu ndiyo mkataba wetu wote. Till yake ilikuwa na jina lake.

Mizani

"Mmepima?" mzee aliuliza siku ya pili, akiangalia orodha yangu. Nilikuwa nataka tangi la maji la lita 100, kabati za mbao za mahogani, na betri kubwa ya friji.

Hatukuwa tumepima. Tulipeleka pikapu kwenye mizani ya malori ya ghala moja la nafaka, tukalipa ada ndogo, familia yote ndani na madebe ya maji yamejaa. Tulikuwa tumepita uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango kwa kilo 140, na hapo kabati hazijawekwa. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lile tangi langu lilikuwa kilo 100 za kuongeza. Pikapu iliyozidiwa inachelewa kusimama, tairi zinapata moto, na uzito ukiwa nyuma ya ekseli ya nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani unaelea. Fikiria hiyo unapoteremka kuelekea Mai Mahiu, mbele yako lori na nyuma yako matatu.

Mahogani ikafa hapo. Kabati ni za plaiwudi nyembamba iliyotobolewa, milango yake ni kitambaa (haya, mapazia yakapata kazi). Maji ni madebe mawili ya lita 20, yamefungwa chini kabisa, karibu na kabini.

Hesabu ya friji

Huku ndiko watu wengi wanapotupa pesa, kwa hiyo niwape hesabu. Friji ndogo ya volti 12 hula kama wati 45 ikinguruma, na kwenye joto inanguruma karibu nusu ya siku. Wati 45 mara saa 12 ni wati-saa 540 kwa siku. Betri ya asidi ya 100Ah ina wati-saa 1,200 kwa karatasi, lakini ukiitumia zaidi ya nusu mara kwa mara unaiua mapema, kwa hiyo una 600. Siku moja tu, basi. Paneli ya wati 100 kwenye jua la kwetu inakupa labda 350 hadi 400 kwa siku nzuri, hivyo unahitaji mbili. Betri hiyo peke yake ni zaidi ya kilo 25. Ya lithiamu ni nyepesi kwa nusu au zaidi na unaweza kuitumia karibu yote, lakini bei yake ilikuwa imepita akiba yetu.

Bila friji tunahitaji taa na kuchaji simu, kitu kama wati-saa 60. Betri ya 50Ah inatutosha siku kadhaa hata mawingu yakikaa. Nyama tunabeba kwenye boksi la barafu na chupa za maji tulizogandisha nyumbani. Paneli hatukuiweka juu ya paa. Mbili ngumu zingeongeza kama kilo 15 kwenye paa ambalo mimi nalisukuma kwa mikono, na zile shoki za gesi za kuliinua zilikuwa tayari zimechoka, tukabadilisha. Tuna paneli moja ya kukunja. Gari linakaa kivulini, paneli inaanikwa juani.

Usibane kwenye waya. Fyuzi ikae karibu na betri kabisa, si mwisho wa waya, kwa sababu ni waya wenyewe unaoweza kushika moto ukichubuka kwenye bati.

Jiko

Sijamaliza kusimulia usiku ule wa Naro Moru. Baada ya kulowa, baridi ilikuwa ya kung'ata. Jiko letu la makaa lilikuwa nje chini ya mti, makaa yamebaki mekundu bila moshi. Mume wangu alilibeba hadi mlangoni. Mimi nikasogeza mito lipate nafasi. Wote wawili tuliona ni akili nzuri.

Askari wa kambi alikuwa anapita na kurunzi. "Baba, hilo litoke. Hilo halina moshi lakini linaua." Hakungoja tujadiliane, alilichukua kwa mkono wake akaliweka mbali.

Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya. Yanatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, na mtu aliyelala haamki kukohoa. Turubai si chandarua. Ikilowa inaziba zaidi. Mtoto wetu alikuwa amelala usawa wa mlango.

Kwa hiyo kitu cha kwanza tulichofanya baada ya paa hakikuwa taa wala betri. Tulitoboa matundu mawili ya hewa yenye wavu, moja chini karibu na sakafu na lingine juu, na hayafungiki. La chini ni la gesi ya kupikia, ambayo ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatulia sakafuni. Mtungi wenyewe unakaa nje kwenye kisanduku cha bati tulichotengenezewa Kamukunji, chenye tundu chini. Tunapika nje, mvua ikinyesha chini ya kitambaa cha pembeni. Usiku ni blanketi na soksi, na vidirisha viwili vinabaki wazi kidogo, jambo ambalo pia linapunguza ule umande wa pumzi unaolowesha turubai kwa ndani. Chini ya godoro tuliweka vipande vya mbao vyenye nafasi, ndiyo lipate hewa.

Kabla fundi hajakata chuma chochote, uliza NTSA na kampuni yako ya bima. Yetu imefungwa kwa mikanda na inateremka, lakini ukigeuza bodi ya gari kabisa, logibuku na bima lazima zijue.

Mvua ya kweli ilinyesha Oktoba, Jumanne usiku. Asubuhi simu ililia kabla sijanywa chai.

"Madam, huko kumenyesha?"

"Kumenyesha, mzee. Ngoja niingie."

Niliingia na tochi, nikapapasa kona zote nne, nikainua godoro. Pakavu. Nikiwa bado nimepiga magoti humo ndani, nikaweka till, kiasi 5,000, jina lake likatokea, nikaweka PIN.

"Imeingia," akasema. "Sasa hiyo stika ya mlangoni, madam, ilipigiliwa skrubu nne. Nitakuja kuziangalia."

Alikuja Jumamosi. Mbili zilikuwa zinavuja.