Wavulana wa Nkoaranga, wa Kenya na wa Kwetu



Katika safari yetu ya Bara tulifika Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, kuwatazama wakulima wa kahawa. Habari za kahawa tutazieleza siku nyingine. Leo twapenda kusema juu ya karatasi moja tuliyoonyeshwa huko na mwalimu wa sekondari, maana tumerudi nayo kichwani mpaka kisiwani.

Karatasi ile iliwapanga wavulana wa mashamba wa Tanzania upande mmoja na wa Kenya upande wa pili, ikaeleza wangapi katika mia wamemaliza sekondari. Wetu walikuwa nyuma mno. Mzee mmoja mwenye mibuni, aliyekuwa amekaa nasi, akauliza, "Basi watoto wetu ndio wajinga?" Mwalimu akacheka. "La, mzee. Tazama kwanza kilichohesabiwa."

Hesabu ya UNESCO huwachukua vijana waliopita umri wa darasa la mwisho kwa miaka mitatu hadi mitano, ikauliza wangapi kati yao wamelimaliza. Ni hesabu nzuri, kwani humtia hata yule asiyewahi kuingia skuli. Lakini darasa la mwisho ni lipi? Kwa Kenya, katika mpango ulioanza 1985 wa miaka minane ya msingi na minne ya sekondari (nao sasa unaondolewa hatua kwa hatua), ni Kidato cha Nne. Kwa Tanzania ni cha Sita. Kwa hiyo kijana wa Nkoaranga mwenye cheti cha Kidato cha Nne huandikwa kuwa hakumaliza, na mwenziwe wa ng'ambo ya Namanga mwenye cheti kama hicho huandikwa kuwa kamaliza. Hata sekondari ya chini ni vivyo hivyo: kwa Kenya iliishia darasa la nane, kwetu huishia Kidato cha Nne. Mkulima wa karafuu halinganishi pishi ya mbichi na pishi ya kavu!

Mzee alifurahi, lakini furaha yake haikudumu. Tulikaa tukalinganisha Kidato cha Nne kwa Kidato cha Nne. Mwaka 2024 wavulana waliofanya mtihani huo Kenya walikuwa 480,310. Tanzania, waliofaulu walikuwa 228,184. Na kwa kuwa katika kila mia waliofanya walifaulu zaidi ya tisini, wote waliofanya hawakuzidi sana hapo. Na sisi ndio wengi: sensa ya 2022 ilitukuta milioni 61.7, na ya Kenya ya 2019 iliwakuta milioni 47.6. Hesabu hizi zimechanganya mjini na shamba, na hapana shaka shamba peke yake hali ni nzito zaidi. Yafaa pia tujue kuwa mwaka huo wasichana wetu waliofaulu walikuwa 249,078. Wavulana ndio wanaopungua.

Wanapungukia wapi? Ada si neno kubwa tena: Bara iliondolewa hadi Kidato cha Nne tangu 2016, na kwetu Visiwani elimu bure ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964. Mwalimu alitutajia milango. Mtoto wa Bara hutoka darasa la saba kwa mtihani wa kumchuja. Kenya tangu 2018 imeagiza kila amalizaye msingi apokewe sekondari. Kisha yule aliyesoma kwa Kiswahili miaka saba hukuta Kidato cha Kwanza masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, ilhali wa Kenya huanza kusomeshwa kwacho mapema zaidi. Halafu uko mtihani wa Kidato cha Pili, asiyefaulu hurudia. Mvulana wa miaka kumi na sita akiambiwa arudie, na Mirerani kwenye tanzanaiti si mbali, na bodaboda zinapita mlangoni, na kahawa ya baba imewiva, hurudia wangapi?

Hapo tulinyamaza, kwani tuliisikia habari yetu wenyewe. Mtihani wa Kidato cha Nne ni Novemba, na karafuu huwa zingali mitini. Kijana alipwaye kwa pishi huona fedha jioni ile ile, cheti hakionekani. Sisi tuandikao haya tulichuma tulipokuwa Kidato cha Tatu, tena kwa ruhusa ya wazee, na hesabu tulizozikosa wiki zile hatukuzipata tena mpaka leo.

Kamati imekubali kufungua daftari. Mwanachama anayehitaji wachumaji na aseme mapema, tumtafutie watu wazima, ili mtoto wa skuli achume Jumamosi na Jumapili tu. Mwenye mvulana wa Kidato cha Pili au cha Nne na alete jina lake ofisini kabla karafuu hazijaanza kuwiva. Mpaka sasa yameandikwa majina manne, na moja ni la mdogo wetu.