Kiwavi Chenye Bei ya Dhahabu

Kila mwezi wa Mei, theluji ikianza kuyeyuka kwenye uwanda wa juu wa Tibet, vijiji huhamia mlimani. Kwenye wilaya kadhaa za Nepal hata madarasa hubaki matupu, maana macho ya mtoto ni makali kuliko ya mzee. Watu hutambaa kwenye nyasi, mita 3,000 hadi 5,000 juu ya usawa wa bahari, wakitafuta kijiti cha kahawia chembamba kama njiti ya kiberiti.

Kijiti hicho ni uyoga, Ophiocordyceps sinensis. Humwingia kiwavi wa nondo aliyejificha ardhini, humla kwa ndani mpaka abaki ganda, kisha huchomoza kichwani mwake. Watibeti huuita yartsa gunbu: jani la kiangazi, mdudu wa kipupwe. Huuzwa pamoja na maiti ya kiwavi, na thamani hupimwa kwa idadi. Kadiri vipande vinavyojaza nusu kilo vilivyo vichache, ndivyo bei inavyopanda. Daraja la juu limewahi kuipita dhahabu kwa uzito. Walanguzi huchomeka waya ndani ili mzani uinamie kwao.

Dunia iliusikia mwaka 1993. Mjini Stuttgart, Wang Junxia wa China alishinda mbio za mita 10,000, Sally Barsosio wa Kenya akapata shaba; wiki chache baadaye Wang aliweka rekodi ya dakika 29 na sekunde 31.78. Kocha wake, Ma Junren, akataja uyoga huu na damu ya kobe kuwa siri ya ushindi. Mwaka 2000 baadhi ya wanariadha wa Ma waliachwa nje ya Olimpiki baada ya vipimo vya damu, lakini tangazo lilikuwa limeshafanya kazi yake.

Katika Mkoa wa Tibet, mwaka 2004 uyoga huu ulikadiriwa kuleta kama asilimia 40 ya fedha taslimu za wanavijiji. Walaji wakubwa ni matajiri wa miji ya China, na sehemu kubwa haikuliwa na aliyeinunua: ilikuwa zawadi kwa wakubwa. Serikali ilipobana rushwa kuanzia mwisho wa 2012, soko liliyumba. Dawa gani hiyo, ambayo bei yake hutetereka kwa hofu ya wachunguzi wa rushwa?

Husemwa kuwa huongeza nguvu, huimarisha figo na mapafu. Ushahidi kwa binadamu bado ni haba, na mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya China ilionya kuhusu aseniki iliyomo. Dawa zilizothibitika zilitoka kwa jamaa za uyoga huu: siklosporini, inayozuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa, na fingolimodi ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010. Zote zilitokana na kemikali iliyochambuliwa na kupimwa maabara. Kwa dawa hizo, milima ya Tibet haikuambulia chochote.

Tangu 2020 uyoga huu umo kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini. Kinachofika madukani Dar es Salaam au Nairobi ndani ya vidonge mara nyingi ni ukungu wa kiwandani au binamu yake, Cordyceps militaris, aliyeoteshwa kwenye mchele ndani ya chupa. Picha ya kiwavi kwenye boksi inabaki palepale.