Kahawa na Vidonge vya Damu

Hapa Dunda kahawa chungu ni kinywaji cha heshima. Lakini yafaa tujue kwamba haipatani na vidonge vya madini ya chuma, wapewavyo wajawazito kliniki ili kuongeza damu. Kahawa ina vitu viitwavyo polifenoli, ambavyo huyashika madini hayo tumboni, na mengi hayaingii damuni. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 1983 ulionyesha kuwa kikombe kimoja pamoja na chakula kilipunguza chuma kiingiacho mwilini kwa asilimia 39. Chai, asilimia 64. Mama mwenye upungufu wa damu yumo hatarini akitokwa na damu nyingi katika kujifungua. Basi, ndugu msomaji, waambie walio nyumbani: kidonge kimezwe kwa maji, au kwa maji ya machungwa, kahawa na ingoje muda wa saa mbili.