Haut-Lomami: Mchana kwa baiskeli, usiku kwa boti, safari yenye hatari

Treni ikikosekana Kamina, mchuuzi anafunga mzigo kwenye kinga, yaani baiskeli, na kushika barabara ya Bukama. Penye mchanga na milima, anashuka na kusukuma.

Bukama ndipo boti zinapoanzia kwenye mto Lualaba. Kutoka hapo hadi Kongolo maji yanapitika kwa kilometa karibu 640, kupitia ziwa Kisale lenye samaki wengi.

Anayefika bandarini jioni, akiwa amechoka, anavutiwa na boti ya usiku: analala njiani, halipi malazi, na kukicha amesogea karibu na wavuvi. Lakini serikali imekwisha kataza safari za usiku. Gizani nahodha haoni mafungu ya mchanga, mafunjo yanayoelea wala viboko. Boti iliyojaa watu, magunia na baiskeli hupinduka upesi. Mwezi Aprili 2019, baada ya ajali ya ziwa Kivu, Rais Félix Tshisekedi aliagiza abiria wavae jaketi za kuokoa maisha.

Kabla ya kupakia baiskeli, uliza mambo mawili: boti inaondoka saa ngapi, na jaketi ziko ngapi? Kama jibu si zuri, lala bandarini. Samaki watakungoja.